UKOO WA BIBI (NJOMBE – DAR): kofia ya mtoto wa Neema

Jumanne

20:11 Shangazi Tumaini: Kamwene wapendwa. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho. Neema amejifungua salama usiku wa kuamkia leo, mtoto wa kike, kilo 2.1. Amewahi, wiki ya 34. Mama mzima, mtoto anapumua vizuri mwenyewe, ila bado wako wodini na Njombe ya Julai mnaijua.

20:12 Doreen: Asante Mungu 🙏🙏 Shikamoo shangazi

20:12 Kelvin: NIMEKUWA MJOMBA 🕺🕺🕺

20:14 Shangazi Tumaini: Marahaba Doreen. Kelvin utacheza baadaye. Jambo lenyewe ni hili. Festo kaniambia manesi wanataka mtoto awe na kofia za kubadilisha, zisipungue tatu, moja ikilowa anavalishwa nyingine. Za dukani alizonunua zote zinamshuka mpaka puani. Kwa hiyo TUNAFUMA. Uzi nimeshanunua leo Kariakoo, mabunda manne. Mzigo unapanda basi Mbezi Ijumaa alfajiri. Kofia ziwe mkononi mwangu Alhamisi saa 2 usiku. Nani anafuma?

20:31 Shangazi Tumaini: Nauliza nani anafuma.

20:50 Shangazi Tumaini: Tiki za bluu naziona. Mmesoma watu kumi na wanane.

20:52 Kelvin: Uzi rangi gani shangazi

20:52 Shangazi Tumaini: Njano.

20:53 Kelvin: Mtoto wa Wananchi huyo!!! 💛💚 Karibu Jangwani mpwa wangu

20:55 Baba Mdogo Lupyana: Haiwezekani. Ukoo huu ni Msimbazi tangu marehemu mzee. Tumaini rudisha huo uzi ukachukue mwekundu.

20:55 Kelvin: Baba mdogo mtoto ana siku moja tu na tayari amechagua timu yenye makombe 😂😂

20:56 Baba Mdogo Lupyana: Makombe ya vikombe vya chai.

20:57 Doreen: 😂😂😂

20:58 Binamu Eliza: 😂😂 Hongera Neema

21:03 Shangazi Tumaini: Eliza, wewe ulijifunza kufuma VETA. Unafuma ngapi?

21:20 Baba Mdogo Lupyana: Lakini nasema kwa uzito, mtoto wa kilo mbili si wa kofia. Huyo ni njiti. Aingizwe kwenye mashine ya joto. Kama hapo hakuna tuchange ahamishwe. Mimi naanza na elfu hamsini.

21:41 Shangazi Agnes (Nesi): Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo nasoma. Hongera sana Neema mwanangu. Lupyana, nimeongea na Festo mchana. Mtoto anameza maziwa, anapumua, halali kwenye mashine kwa sababu yuko kifuani kwa mama yake. Inaitwa kangaruu. Mtoto anavuliwa, anabaki na nepi, soksi na KOFIA, analazwa ngozi kwa ngozi katikati ya maziwa ya mama, kisha wanafungwa kitenge pamoja. Joto la mama ndilo mashine yenyewe.

21:44 Shangazi Agnes (Nesi): Na si kwamba hospitali yetu ni maskini ndiyo maana. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine zilikuwa chache na watoto wengi. Leo Shirika la Afya Duniani linaitaka kwa kila mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, hata kwenye hospitali zenye mashine, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Mwili mzima wa mtoto umefunikwa na mama isipokuwa kichwa. Na kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa mwili wake, joto linatokea hapo. Ndiyo maana ya kofia. Msiichukulie ni pambo.

21:46 Shangazi Tumaini: Mmesikia. Msikae kimya sasa.

21:49 Baba Mdogo Lupyana: Sawa. Elfu hamsini yangu ibaki palepale.

21:50 Kelvin: Ibaki palepale mfukoni 😂

21:58 Shangazi Agnes (Nesi): Jambo lingine la MUHIMU kabla sijalala. Neema akitoka atafikia kwa Bibi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani alipo mtoto. Hewa ya mkaa haina harufu, haikohozeshi, inaua watu usingizini, mama na mtoto wote. Mlango ukiwa umefungwa na baridi ile, ni usiku mmoja tu. Naomba mtu azungumze na Bibi.

22:01 Kelvin: Nani atazungumza na Bibi kuhusu jiko lake 😂 mimi niliguswa na lile jiko mwaka ule na kovu ninalo

22:02 Doreen: Hukuguswa, ulikuwa unaiba mahindi 😂😂

22:02 Binamu Eliza: Hahahaha mahindi ya Krismasi

22:03 Kelvin: Eliza wewe ndiye ulikuwa mlinzi wangu usijitoe

22:05 Baba Mdogo Lupyana: Hawa watoto walimaliza debe zima 😂

22:15 Shangazi Tumaini: TURUDI KWENYE KOFIA. Doreen, wewe utajifunza. Chukua huu mwongozo: anza duara, ongeza mishono kila mzunguko mpaka ufike 60, halafu teremka moja kwa moja. Rahisi sana.

22:16 Doreen: Sawa shangazi. Duara linaanzaje?

22:40 Shangazi Tumaini: Wifi Mama Jofu, nakuona uko mtandaoni. Wewe ndiye fundi wa ukoo huu. Tunakusubiri.

Jumatano

06:12 Shangazi Tumaini: Amkeni. Siku ni mbili.

06:40 Shangazi Tumaini: Wifi Mama Jofu?

09:27 Mama Jofu: Asubuhi njema wote. Hongera Neema, Mungu amkuze. Naona nimeitwa. Uzi safari hii ni wa nani?

09:28 Shangazi Tumaini: Wangu wifi. Nimeununua mwenyewe.

09:35 Mama Jofu: Nauliza tu. Kwa sababu vile vitambaa vya Mafinga navyo niliambiwa "uzi upo".

09:36 Binamu Eliza: 👀

09:38 Shangazi Tumaini: Wifi tusirudi huko. Hapa kuna mtoto.

09:44 Mama Jofu: Hata kule kulikuwa na mtoto. Alikuwa Neema huyu huyu, anaagwa. Vitambaa ishirini na nne vya meza, miezi mitatu nafuma mpaka taa inaisha mafuta, uzi kwa fedha zangu, na siku ya sherehe hata jina langu mshereheshaji hakupewa. Baada ya hapo vitambaa vikapotelea hewani. Sijasema kitu miaka yote.

09:45 Baba Mdogo Lupyana: Ulisema kwenye kikao cha Makambako.

09:47 Mama Jofu: Nilisema mara moja. Nikaambiwa kikao ni cha kaburi la mzee, si cha uzi.

09:48 Kelvin: Mimi naingia kazini jamani tutaonana jioni

09:50 Shangazi Tumaini: Mambo ya Mafinga tutayakalisha siku yake. Leo kofia.

09:51 Mama Jofu: Siku yake ni lini?

10:33 Doreen: Mama Mkubwa shikamoo. Samahani kuingilia. Nimejaribu ile ya 60 ya Shangazi nimepata kitu kikubwa sana 😭 (picha)

10:58 Mama Jofu: Marahaba mwanangu. Mishono 60 ni kichwa cha mtoto wa miezi sita. Nani kakupa hiyo?

10:59 Doreen: 🙈

11:10 Mama Jofu: Sikiliza. Kwanza pima. Mtoto aliyetimia kichwa chake ni kama sm 35 ukizungusha futi juu ya nyusi na masikio. Huyu wa wiki 34 atakuwa kama 31. Festo aulize manesi, wanakiandika kwenye kadi. Kofia unaifuma pungufu ya kichwa kwa sm 3, kwa sababu inavutika. Ikiwa sawa na kichwa itamvuka. Kwa hiyo yetu ni 28.

11:14 Mama Jofu: Sindano ya kroshia namba 4. Uzi wa sweta ule laini wa watoto. Usichukue wenye manyoya, manyoya yanamwingia puani na mdomoni. Cheni 4, funga iwe duara. Panda cheni 3, hizo zihesabu mshono wa kwanza, halafu mishono mirefu 11 humo humo ndani ya tundu. Jumla 12. Mshono mrefu ni zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza, vuta, toa viwili, toa viwili. Maliza kwa kufunga kwenye cheni ya tatu.

11:17 Mama Jofu: Mzunguko wa pili, juu ya kila mshono fuma miwili. 24. Wa tatu, mmoja peke yake, unaofuata miwili, hivyo hivyo mpaka mwisho. 36. Hapa ndipo watu wanaharibu. Mtoto aliyetimia unaongeza tena mpaka 48. Huyu hapana. Fuma mitano peke yake, wa sita miwili. 42. Basi, usiongeze tena.

11:18 Doreen: Naandika Mama Mkubwa

11:22 Mama Jofu: Simama hapo ulaze mezani. Liwe bapa kama chapati, upana sm 9 hivi. Likijikunja kwenda juu mkono wako unabana uzi. Likifanya mawimbi umeongeza kupita kiasi. Likiwa bapa, endelea mmoja juu ya mmoja bila kuongeza, litaanza kushuka lenyewe. Kutoka utosini hadi ukingoni sm 12. Ukiilaza kofia upana uwe sm 14. Mikono ya watu haifanani kwa hiyo amini futi kuliko hesabu.

11:25 Mama Jofu: Na mishono isilegee. Matundu yakiwa makubwa upepo unapita, kofia inabaki jina.

11:26 Shangazi Tumaini: Asante wifi. Umeona? Mwenyewe umeshaanza. Tukuandikie mbili?

11:27 Mama Jofu: Nimemfundisha mtoto. Sijasema nafuma.

12:03 Shangazi Agnes (Nesi): Mama Jofu umeeleza vizuri sana. Naongeza: bila kifungo, bila shada la nyuzi juu, bila kamba za kufunga kidevuni. Kamba inamkaba, kifungo kinaingia mdomoni. Ncha za uzi zifichwe ndani ya mishono zisibaki zinaning'inia. Zifuliwe kwa sabuni ya kawaida, zisuuzwe sana, zikauke kabisa kabla ya kufungashwa. Kofia mbichi inamnyonya joto kuliko kukosa kofia.

12:05 Shangazi Agnes (Nesi): Na lile la jiko? Nani amezungumza na Bibi?

12:20 Binamu Eliza: Kuna mwenye mahindi ya Krismasi 😂

12:21 Doreen: 😂😂 Eliza!!

13:02 Festo Baba Mtoto: Habari za mchana wazazi wangu na ndugu. Samahani sikuwa na bando. Neema anawasalimu sana. Kadi inasema kichwa sm 30.5. Mtoto anaendelea vizuri, leo kanyonya mwenyewe bila kukamuliwa kwenye kikombe.

13:03 Shangazi Agnes (Nesi): Haleluya. Hiyo ndiyo habari nilikuwa naitaka.

13:04 Shangazi Tumaini: Mungu ni mwema. Festo, Ijumaa jioni utapokea mzigo stendi?

13:30 Festo Baba Mtoto: Ijumaa niko zamu shangazi mpaka saa 4 usiku. Labda Tulizo.

13:31 Shangazi Tumaini: Tulizo?

16:15 Shangazi Tumaini: Mpaka sasa walioandikisha kufuma: Doreen moja (anajifunza). Mimi moja. Eliza hajajibu. Tunahitaji tatu na mtu wa kupokea. Naomba tusiaibike mbele ya wakwe.

16:40 Baba Mdogo Lupyana: Kwa nini usinunue tu sokoni Njombe? Kuna kina mama pale wanafuma sweta na kofia, kazi nzuri.

16:42 Shangazi Tumaini: Kwa sababu Festo ameshanunua na zimemshuka puani. Wale wanafuma za watoto waliotimia. Soma juu Lupyana.

16:43 Mama Jofu: Wanafuma vizuri. Na wao wanalipwa.

18:51 Tulizo (simu ya Bibi): 🎤 Ujumbe wa sauti 2:37

18:58 Kelvin: Tulizo ndugu yangu niko kwenye daladala, andika

19:20 Tulizo (simu ya Bibi): Kamwene wote. Bibi amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze. Haya:

"Kamwene wanangu. Nimesomewa yote tangu jana. Tumaini, mimi ndiye niliyekuzaa na nasema mara moja. Mkwe wangu Mama Jofu hadaiwi na nyumba hii, nyumba hii ndiyo inayodaiwa naye. Wakati Neema mwenyewe anazaliwa, mvua ya Machi, sweta la kwanza alilovaa lilitoka kwenye mikono ya Mama Jofu, akiwa bibi harusi hana hata mwaka kwetu. Hakuna aliyemtuma. Mafinga nilikuwepo, nikanyamaza, kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa na sikutaka kelele. Sasa mzee amelala. Kofia ya kwanza ya kitukuu changu nataka aifume Mama Jofu. Na kabla hajashika sindano, uzi wa Mafinga ulipwe. Sitaki mtoto wangu avae kitu chenye kinyongo ndani yake. Nimemaliza."

19:21 Tulizo (simu ya Bibi): Ndivyo alivyosema.

19:48 Binamu Eliza: 🙏

21:30 Shangazi Tumaini: Shikamoo mama. Nimesikia.

21:34 Baba Mdogo Lupyana: Tumesikia mama.

21:52 Kelvin: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Alhamisi

05:50 Shangazi Tumaini: Wifi, shilingi ngapi?

07:15 Mama Jofu: Sikuwahi kupiga hesabu. Risiti ninazo kwenye kopo.

07:16 Shangazi Tumaini: Basi nitajie hata kwa kukadiria nianze na nusu asubuhi hii, nusu tumalize mwisho wa mwezi. Lupyana ile elfu hamsini yako iingie humu.

07:40 Baba Mdogo Lupyana: Elfu hamsini ilikuwa ya mashine ya mtoto.

07:41 Shangazi Tumaini: Mashine haihitajiki. Nesi ameshaeleza.

07:55 Baba Mdogo Lupyana: Ngoja niangalie salio.

08:30 Mama Jofu: Tumaini, Jofu atapita kwako mchana kuchukua bunda moja la uzi. La risiti tutakaa, lakini si kwa simu. Nataka tukae ana kwa ana na mama akiwepo.

08:31 Shangazi Tumaini: Asante wifi. Bunda liko mlangoni. Mlinzi atampa.

08:33 Mama Jofu: Si asante bado.

11:47 Neema: Shikamooni wote. Nimesoma kidogo kidogo huku mtoto amelala kifuani. Mama Mkubwa, sikujua habari ya uzi wa Mafinga. Sikuambiwa na mtu. Vitambaa sita vipo kwangu, navitumia mpaka leo kwenye kabati la vyombo. Vingine kumi na nane sijui viliko.

11:49 Mama Jofu: Pumzika mwanangu. Hayo si yako.

11:50 Kelvin: Kumi na nane viko wapi sasa 👀

11:51 Shangazi Tumaini: Kelvin.

11:51 Kelvin: Nimenyamaza

12:10 Shangazi Agnes (Nesi): Neema mwanangu, ukiwa nyumbani kofia avae akiwa kifuani au ukitoka naye. Akilala peke yake chini ya blanketi, kagua shingo kwa nyuma kwa mkono wako. Ikiwa na jasho, kofia ivuliwe. Asizidishiwe joto nalo. Na jiko, Neema. Mwambie Bibi kwa heshima zote.

12:44 Neema: Sawa shangazi. Ila Bibi ameshaagiza gunia la mkaa kwa ajili yetu 😔

12:46 Shangazi Agnes (Nesi): Mkaa wa kupikia nje sawa. Chumbani HAPANA. Achemshe maji, ajaze chupa, azifunge kitambaa kitandani dakika kumi kabla hajalala mtoto, kisha aziondoe. Tulizo msomee Bibi ujumbe huu wote.

13:20 Tulizo (simu ya Bibi): Nimemsomea. Amesema alilea watoto saba na jiko chumbani.

13:22 Shangazi Agnes (Nesi): Alikuwa anaacha dirisha la mbao lenye nyufa. Nyumba mpya ina vioo na silingibodi, hewa haina pa kutokea. Nitampigia mwenyewe jioni.

15:05 Doreen: Mama Mkubwa angalia 🥹 (picha)

15:31 Mama Jofu: Duara lako limejikunja. Unaona pale mzunguko wa nne? Umesahau kuongeza sehemu mbili, una 40. Fumua mpaka mwisho wa wa tatu, anza tena. Mkono ulegeze kidogo. Rangi imekaa vizuri.

15:32 Doreen: Sawa 😅 naanza upya

18:40 Shangazi Tumaini: Hali ilivyo: yangu imekwisha, iko kwenye kamba inakauka. Ya Wifi Jofu analeta saa 2. Doreen?

19:12 Doreen: Niko mzunguko wa nane shangazi

19:13 Baba Mdogo Lupyana: Jamani mimi nipo Makambako. Basi linapita hapa. Lakini mnataka nifanye nini sijaelewa.

19:15 Shangazi Tumaini: Hakuna wa kupokea Njombe. Festo zamu, Tulizo hajajibu la mzigo tangu jana. Mzigo ushukie kwako, uufikishe Jumamosi mwenyewe.

19:40 Baba Mdogo Lupyana: Jumamosi nina msiba Wanging'ombe.

19:58 Tulizo (simu ya Bibi): Naweza kupokea kama nitapewa namba ya konda na nauli ya boda. Ila Bibi anauliza, ya Mama Jofu imo kwenye mzigo?

20:21 Shangazi Tumaini: Jofu amefika. Imo, nyeupe. Amefuma kwa uzi wake mwenyewe, bunda langu amelirudisha bila kufunguliwa.

20:22 Binamu Eliza: Ee 😳

20:40 Tulizo (simu ya Bibi): Bibi amesema "sawa" na kuingia ndani.

20:44 Shangazi Tumaini: Wifi, naomba kesho tupigiane.

21:10 Shangazi Tumaini: Doreen ya kwako ikikosa basi la kesho itapanda la Jumapili, usilale nayo. Eliza, nauli ya boda ya Tulizo tuma wewe, hujafuma kitu.

21:11 Shangazi Tumaini: Lupyana, namba ya konda wa lile basi unayo?

21:37 Shangazi Agnes (Nesi): Bibi hapokei simu. Tulizo, jiko liko wapi sasa hivi?